Kupoza woti wakati maji ya bomba yenyewe ni vuguvugu

Ninatengeneza bia nyumbani hapa Houston, Texas, ambako mwezi wa Agosti joto la maji ya bomba hukaribia nyuzi 30 za Selsiasi. Ndiyo maana wenzangu wanaoanza kazi hii huniuliza mara kwa mara namna ya kupoza woti, yaani yale maji matamu ya kimea cha shayiri yaliyochemshwa pamoja na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), kabla hayajatiwa hamira. Wengi wamekwisha kununua koili ya shaba, yaani bomba lililozungushwa ambalo huzamishwa ndani ya woti, wakaifungulia maji kwa saa nzima, na bado kipimajoto kimegoma kwenye nyuzi 33. Koili haina kosa: haiwezi kuipoza woti kupita ubaridi wa maji yanayopita ndani yake, na kadiri tofauti ya joto baina ya viwili hivyo inavyopungua, ndivyo kazi inavyozidi kwenda polepole.

Haraka hii ina sababu zake. Kimea, hasa kile cheupe cha pilsner, kina kemikali ambayo kwenye joto kali hugeuka kuwa dimethili salfaidi, yenye harufu ya mahindi ya kuchemsha. Sufuria inapochemka ikiwa wazi, harufu hiyo huondoka na mvuke, lakini moto ukizimwa huendelea kuzaliwa huku mvuke wa kuichukua ukiwa umekwisha. Hopsi nazo huendelea kutoa uchungu ambao hukuupangia. Joto likishuka chini ya nyuzi 60 hatari inakuwa nyingine, kwani woti ni chakula kizuri mno cha bakteria, na kila dakika inayokaa vuguvugu bila hamira ni nafasi yao.

Ushauri wangu mkuu ni huu: barafu isitumike mwanzoni. Chukua woti ya galoni 5, ambazo ni kama lita 19, inayotakiwa kushuka kutoka nyuzi 100 hadi 18. Kwa hesabu ya joto peke yake, ukitegemea barafu tangu mwanzo utahitaji takriban kilo 16, lakini maji ya bomba yakikufikisha kwenye nyuzi 35, sehemu iliyobaki inahitaji kilo 3 na ushei. Mimi huandaa kilo 7 au 8, kwa sababu barafu nyingine huyeyuka kwa joto la hewa na la ndoo. Nikifika nyuzi 35 ninafunga bomba, ninatumbukiza pampu ndogo ndani ya ndoo ya maji ya barafu, kisha ninayazungusha maji hayo kwenye koili na kuyarudisha ndooni. Maji ya moto yaliyotoka mwanzoni ninayakinga kando kwa kuoshea vyombo, na yanaunguza, kwa hiyo watoto wasiwe karibu.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni kukoroga. Woti iliyotulia hujitengenezea tabaka baridi kuzunguka shaba, na tabaka hilo huzuia joto la katikati ya sufuria lisifike kwenye koili. Ninakoroga taratibu, bila kurusha povu woti ikiwa ya moto, kwa mwiko uliotakaswa. Koili yenyewe huingia sufuriani dakika 15 kabla ya kuzima moto ili mchemko uitakase, na viungio vya mpira wa maji hukaa nje ya ukingo wa sufuria. Niliwahi kupoteza bia nzima kwa sababu kiungio kilikuwa kinadondosha maji ya bomba ndani ya woti iliyokwisha kupoa, na sikukiona hadi siku ya tano, ilipoanza kunuka uchachu.

Australia wako wanaoimimina woti ikiwa ya moto kwenye madumu ya plastiki yanayostahimili joto, wakayafunga na kuyaacha yapoe yenyewe. Njia hiyo inafanya kazi, ila inabidi ucheleweshe kutia hopsi zako, na kwa bia yenye harufu nyingi ya hopsi siipendi. Siku ambayo barafu haitoshi, ninatumia kveik, hamira ya wakulima wa magharibi mwa Norwe, ambayo huchachusha vizuri hata kwenye nyuzi 35. Hapo koili na maji ya bomba vinatosha, na hamira ninaitia mara kipimajoto kinaposoma 35.