Kwa nini tunasema viti vinane, lakini hatusemi "visaba"?

Ingia duka lolote la plastiki Kariakoo, uulize viti vya shughuli. Muuzaji atakuhesabia bila kufikiri: viti vitatu, vinne, vitano, sita, saba, vinane, tisa. Ile vi- imefika kwenye tano ikapotea, ikaibuka kwenye nane, ikapotea tena. Kwa watu ni hivyohivyo: abiria watano, abiria saba, abiria wanane. Konda wa daladala hawezi kusema "wasaba" hata gari likiwa limemchanganya vipi.

Sababu ni asili ya maneno yenyewe. Moja hadi tano, pamoja na nane, ni ya Kibantu, kwa hiyo yanafuata ngeli. Sita, saba na tisa yametoka Kiarabu, yakaingia kwa karne nyingi za biashara na kuishi pamoja huku pwani, na hayakuvaa viambishi. Kumi nayo ni ya Kibantu, ila ina tabia ya nomino (ndiyo maana kuna makumi), hivyo haibadiliki.

Kabla ya hapo je? Kulikuwa na tandatu (sita), fungate (saba) na kenda (tisa). Kenda bado utaikuta kwenye mashairi. Tandatu imebaki zaidi kwenye kamusi. Fungate ndiyo iliyopona, kwa kujificha harusini: zilikuwa siku saba ambazo maharusi hukaa ndani baada ya ndoa. Leo maharusi wa Dar wanapanda boti kwenda Zanzibar, wanalala siku tatu, wanarudi wakisema wametoka fungate. Kwa hesabu kali hiyo ni saba ya siku tatu, lakini nani ataanza ubishi na maharusi?

Wagiriama wa pwani ya Kenya, ambao lugha yao ni jirani kabisa na yetu, wanazo bado. Tatu kwao ni hahu, sita ni handahu, saba ni fungahe. Weka t mahali pa h uone kinachotokea.

Hata hivyo saba ya kuazima imepata heshima yake mjini. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, saba ya mwezi wa saba, na kila Julai Barabara ya Kilwa hufurika watu waendao kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba. Agosti 8 ni zamu ya wakulima, Nanenane, na hapo jina ni la Kibantu mara mbili.