Kufunga gusiberi juu hakupunguzi mavuno

Huku Njoro na Molo, kaunti ya Nakuru, wapo wakulima wanaoamini kwamba gusiberi, yaani nathi, lile tunda dogo la manjano lililo ndani ya ganda jembamba kama karatasi, ni kichaka cha kuachwa kijitandaze: ukiifunga kwenye nguzo na kuipogoa, umejinyima matunda. Imani hiyo inawagharimu.

Angalia tawi moja kwa karibu. Ua hutokea pale kikonyo cha jani kinapoungana na tawi, kwenye chipukizi jipya. Tawi linavyozidi kurefuka ndivyo linavyozidi kuzaa, na halijali kama linaelekea juu au limelala chini. Lililolala ndilo linalokupa hasara, kwa sababu gusiberi ikiiva hudondoka yenyewe ndani ya ganda lake, na ganda likikaa kwenye udongo wenye unyevu huoza pamoja na tunda. Ni kweli ukipogoa idadi ya matunda inaweza kushuka kidogo, lakini yanayobaki hunenepa na huyaokoti kwenye matope.

Bakisha matawi makuu manne hivi. Simika nguzo, vuta waya, kisha funga kila tawi kwa kamba laini au kitambaa, fundo la umbo la nane lisilobana, maana shina ni laini na huvunjika upesi. Colombia, inayoongoza duniani kuuza tunda hili nje, huyafunga hivyo kwenye waya.

Wakati wa kuchuma unasimama wima, unaona kila ganda lililogeuka rangi ya majani makavu. La kijani liache. Tunda bichi lina sumu.