Je, wajua mjusi kafiri alivukaje bahari hadi Brazili?

Jioni barazani Kirumba, Mwanza, vidudu vya ziwani vikianza kuizonga taa, hukosi kumwona mjusi kafiri ukutani. Kwa jina la kitaalamu wengi wao huitwa Hemidactylus mabouia, na mjusi wa jina hilo hilo huwinda kwenye taa za Brazili, visiwa vya Karibi na Florida. Kafikaje huko?

Jibu la haraka, ambalo hata mwandishi wa makala haya aliliamini, ni kwamba Afrika na Amerika Kusini zilikuwa bara moja, likapasuka, mijusi wakabaki huku na huku. Ukitazama ramani unashawishika, ila hesabu inakataa. Mabara hayo yaliachana takriban miaka milioni 100 iliyopita. DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo mwilini, hunakiliwa kizazi hadi kizazi, na kila unakili huacha makosa machache. Watu wawili wakianza na daftari moja, kisha kila mmoja akawa ananakili nakala yake mwenyewe kwa muda wote huo, madaftari yao hayatasomeka sawa. Ya mijusi wa Brazili na ya ndugu zao wa Afrika yanasomeka karibu sawa. Waliachana juzi tu, ndani ya karne chache.

Kosa la pili ni kudhani kwao ni Karibi, kwa kuwa ndiko alikopewa jina la kitaalamu mwaka 1818. Mabouia linatokana na neno la wenyeji wa visiwa hivyo lenye maana ya pepo mbaya. Sisi tukamwita kafiri. Mjusi hana hata sumu, na bado pande zote mbili za bahari zimemchafulia jina.

Safari ilianzia upande gani? Aina za DNA zifikirie kama maharage: chukua gunia lenye aina ishirini zilizochanganywa. Mchuuzi akichota sado moja kupeleka Bukoba, aina chache adimu zitabaki guniani. Wa Bukoba akichota kibaba kutoka kwenye sado hilo, zinapungua tena. Mwishoni mtu ana kiganja chenye aina mbili, na ukimwongezea wingi kwa kupanda hizo hizo, hata akavuna magunia kumi, aina zitabaki mbili. Sasa irudie njia kinyumenyume: kila aina zinapoongezeka, unakaribia gunia la mwanzo. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2021, wakiwa na sampuli za maeneo zaidi ya 120, walikuta "spishi" hii moja ina nasaba (koo zilizoachana kwa DNA) zipatazo 20, nyingi zikiwa Afrika Mashariki; gunia la mwanzo liko huku. Iliyosambaa Afrika Magharibi na Amerika ni moja tu. Kwa hiyo si kila kafiri wa ukutani kwako ni ndugu wa karibu wa yule wa Brazili, na kwa macho huwezi kuwatenga. Inabidi kipande cha ncha ya mkia kiwekwe kwenye ethanoli ya asilimia 95 na kupelekwa maabara. Formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, haifai, huharibu DNA.

Kusafiri kwenyewe si kazi. Jike hutaga mayai mawili yenye ganda gumu lisilokauka upesi, akiyaficha kwenye ufa wa ubao au kreti. Muda na njia vinalingana na meli za biashara ya watumwa, ingawa DNA haitaji meli. Inataja undugu na takriban wakati.

Kuna mjusi mwingine wa kwetu mwenye kisa tofauti kabisa, yule mdogo wa mchana kwenye miti, Lygodactylus. Ili kuwatofautisha, mweke kwenye chupa ya kioo umtazame kwa chini (usimshike mkia, utakatika). Kafiri ana vikunjo vya vidole vilivyogawanyika safu mbili kama unyoya wa kuku, na mboni yake ni mwanya mwembamba wa wima. Lygodactylus ana mboni ya duara, na ncha ya mkia wake nayo hunata, kama kidole cha ziada.

Naye ana ndugu Brazili na Paraguay, ila DNA zao zimeachana mno. Walivuka mamilioni ya miaka kabla ya meli yoyote, lakini bado baada ya mabara kuachana. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba walielea juu ya mimea iliyong'oka, kama vile visiwa vya mafunjo vinavyokatika ufukweni na kuzurura ziwani, vikiwa na wadudu, vyura na chochote kilichokuwa kimelala humo.