Maana ya "kuchemsha sailensa": pikapu inayopoa safarini na kuchemka kwenye foleni

Fundi wa Mwanza akikwambia pikapu yako "inachemsha sailensa", amekutajia ugonjwa mmoja, si kuchemsha kwa jumla. Sailensa kwa lugha ya gereji ni pale injini inapowaka bila kukanyagwa mafuta, mizunguko kama 700 au 800 kwa dakika. Ikiwa njiani mshale wa joto unatulia, ikisimama na kuachwa inaunguruma mshale unapanda, basi hicho ndicho anachokisema. Na kwa kulitaja hivyo, nusu ya uchunguzi ameshaimaliza.

Yangu, ya dizeli, ilinionyesha hali hiyo kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga. Kutoka Igoma hadi mjini, na mzigo mgongoni, mshale haukutikisika. Dakika ishirini za kusogea hatua mbili na kusimama, nikaanza kusikia harufu tamutamu ya kulanti, yaani maji yenye dawa ya kupozea injini. Kijana aliyekalia magunia ya dagaa kwenye gari la nyuma akanipigia mluzi: "Mzee, zima hiyo, inatoa moshi!" Nilipofungua boneti, mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umevimba na kukaza kama jiwe.

Maji hayapozwi na rejeta peke yake. Rejeta huyasambaza tu kwenye vijibomba vyembamba ili hewa ipite na kuchukua joto. Ukiwa unakimbia kilomita 80 kwa saa, upepo wa barabara unaifanya kazi hiyo bure, hata feni ikiwa imekufa hutajua. Ukisimama, upepo umekwisha, imebaki feni. Ndiyo maana pikapu inayochemsha sailensa huanza kuchunguzwa kwenye feni na njia ya hewa, wakati ile inayochemsha ikipanda mlima na mzigo humpeleka fundi kwenye rejeta iliyoziba ndani au pampu ya maji. Nami nilikuwa nimeshalipa watu wanizibulie rejeta kabla hata ya kujiuliza inachemsha wapi, kwenye foleni au mlimani.

Pikapu nyingi za dizeli zina feni inayozungushwa na belti kupitia klachi. Ile klachi ni kisahani kilicho katikati ya feni, ndani mna mafuta ya silikoni mazito kama asali. Mbele yake kuna springi bapa iliyojiviringa, inayohisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Ikipata moto inafungua kitundu, mafuta yanajaa, feni inashikana na kuzunguka kwa nguvu. Mafuta yakivuja au yakichoka, feni inaendelea kuzunguka kivivu, na kwa macho utaapa ni nzima. Kipimo chake ni rahisi: injini ikiwa ya moto, izime, toa ufunguo, kisha isukume feni kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito, isimame karibu hapo hapo. Yangu ilikwenda mizunguko mitano kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa, na kwenye kitovu cha klachi palikuwa na utelezi mweusi ulioshika vumbi.

Kama feni yako ni ya umeme, washa kiyoyozi. Feni ikizunguka, mota ni nzima, shuku sensa ya joto au rilei (swichi inayopeleka umeme kwenye feni). Isipozunguka, anza na fyuzi na soketi. Halafu weka karatasi mbele ya shoo, ule uso wa gari wenye matundu ya hewa: inatakiwa ivutwe na kunata. Ikisukumwa nje, kuna mtu aligeuza nyaya akiunga mota, na feni inagombana na upepo.

Tazama pia kati ya rejeta na kondensa, ile kama rejeta ndogo ya kiyoyozi iliyo mbele yake. Huku kwetu wale wadudu wadogo wanaopaa kutoka ziwani kama moshi hujazana humo, vumbi likawagandisha, hewa ikakosa pa kupita. Osha kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kuja mbele. Maji ya kasi hulaza vile vibati vyembamba vinavyopitisha hewa.

Mfuniko wa rejeta watu huupuuza. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji matupu huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mfuniko ulioandikwa 0.9, ambayo ni namba ya mgandamizo wake, hubana mgandamizo hadi maji yavuke nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira wake ukikatika, nafasi hiyo yote imepotea. Na usiufungue injini ikiwa ya moto, mvuke utakuchubua uso.

Sasa themostati, ile vali inayofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta, ambayo mafundi wengi huing'oa na kuitupa kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Sikubaliani nao. Kwenye injini nyingi, ikifunguka ndiyo pia huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiing'oa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji inazunguka na moto wake. Kama imekwama, weka nyingine.

Ukiona mapovu yanatoka mfululizo bila kukoma kwenye rejeta iliyo wazi tangu injini ikiwa baridi, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, acha feni. Hapo ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku.

Klachi yangu niliibadilisha, nikajaza kulanti. Kazi iliyobaki ni kutoa hewa iliyonasa: nikaegesha pua ikitazama juu kwenye mwinuko wa kwenda Bugando, injini baridi, mfuniko wazi, hita imefunguliwa hadi mwisho, nikaiacha sailensa. Mapovu yalitoka kwa dakika kumi na kitu, usawa ukashuka, nikaongeza, hadi mpira wa juu ukapata moto na mapovu yakakoma. Nikafunga. Baadaye feni ikashika na kuanza kunguruma, sauti niliyokuwa sijaisikia tangu niinunue ile pikapu.