Vidonda vya tumbo havianzi kwenye pilipili

Kwa miaka mingi wagonjwa wa vidonda vya tumbo wameambiwa wapunguze mawazo, waache pilipili, wanywe maziwa. Hata madaktari walishauri hivyo. Lakini mwaka 1982, huko Perth, Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kuotesha bakteria waliotoka tumboni mwa mgonjwa, wanaoitwa leo Helikobakta pailori, wakasema hao ndio chanzo cha vidonda. Wengi walikataa, kwani iliaminika kwamba tindikali ya tumbo huua kila kijidudu. Mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao mwenyewe, na ukuta wa tumbo lake ukavimba. Yeye na Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Hizi nazihofia zaidi, maana watu huzimeza kiholela. Pilipili inaweza kukuunguza na kukusumbua, ila haichimbi kidonda. Maziwa hutuliza kwa muda tu, kisha tumbo huongeza tindikali.

Choo kikiwa cheusi kama lami, au ukitapika damu, nenda hospitali mara moja, usisubiri kesho. Daktari hupitisha kamera mdomoni hadi tumboni na kuziba mshipa unaovuja. Bakteria wakikutwa, antibayotiki huwaua, na uwezekano wa kidonda kuvuja tena hupungua sana.