Majina ya wapagazi yapo, acheni kusema hayapo

Juzi tena, kwenye kikao cha kamati ya mnara wa kumbukumbu, nimeambiwa yale yale: majina ya Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hayajulikani, kwa hiyo tusimamishe sanamu moja ya Mpagazi Asiyejulikana na kazi iishe. Wanaosema hivi ni watu wema. Lakini mimi kazi yangu ni kutoa majina kwenye rejesta za kijeshi na kuyapanga yawe orodha za kuchongwa, na nimechoka kuisikia kauli hii.

Majina yaliandikwa. Jeshi la Kiingereza lilitumia wapagazi wapatao milioni moja katika kampeni ya Afrika Mashariki, na waliosajiliwa walipewa kibati chenye namba, wakaingizwa daftarini ili walipwe. Waliokamatwa njiani kubeba mizigo siku mbili tatu, hao ndio wengi wao hawakuandikwa, na wapagazi wa Wajerumani nao wananisumbua, maana kwao hakuna rejesta ya kuanzia. Ila huwezi kuwachukulia hao kuwa ndio wote.

Walikufa zaidi kwa kuhara damu, malaria na nimonia kuliko kwa risasi. Mbung'o walishamaliza nyumbu na farasi, mizigo ikapanda vichwani mwa watu. Hili linajulikana, sikai nalo.

Ninalokaa nalo ni uamuzi. Tume ya makaburi ya vita ya dola ya Kiingereza iliundwa mwaka 1917 kwa ahadi kwamba kila aliyekufa atatajwa kwa jina bila kujali cheo. Kwa Waafrika wengi ahadi hiyo iliwekwa kando, na maofisa wa kikoloni wakaafiki. Mwaka 1923 Gavana Guggisberg wa Gold Coast (Ghana ya leo) alidai kwamba mwenyeji wa kawaida asingeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Ripoti ya Tume yenyewe ya mwaka 2021 inakadiria kuwa watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Nenda kwenye sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927. Maandishi yake yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Zunguka jiwe lote ukatafute jina moja la Mwafrika. Hulipati.

Cape Town wameonyesha kuwa inawezekana. Januari 2025 walizindua katika bustani ya Company's Garden nguzo za mvule, kila moja ikiwa na jina la mtu na tarehe aliyokufa. Ni watu 1,772 wa vikosi vya kazi, wengi wao Waafrika weusi, wakiwemo waliofia huku kwetu. Majina yalitoka kwenye nyaraka za jeshi.

Ugumu halisi uko kwenye kurasa zenyewe, na hapo ndipo ningependa kamati zinibane kwa maswali. Chukua mfano wa Mutua wa Kyalo, Machakos, anayetokea mara tatu kwa namba tatu. Ni watu watatu? Au ni mmoja aliyehamishwa kikosi akapewa kibati kipya? Nikiwaunganisha, huenda nimewafuta wawili. Nikiwaacha, huenda nimemzika mmoja mara tatu. Mimi huwaacha, isipokuwa chifu, wilaya na tarehe ya kifo vikilingana. Wenzangu wengine hawakubali, na sina hoja ya kuwanyamazisha.

Kisha kuna safu ya watoro. Mtu aliyeachwa nyuma akiwa mgonjwa, asiitike namba yake jioni, karani aliweza kumwandika mtoro. Naamini wengi wao walifia porini. Je, wachongwe? Tena mwaka 1917 watu walikusanywa kwa nguvu, vijiji vikabaki na wazee na wanawake. Aliyekimbia hapo alikuwa na haki yake, na sina uhakika kwamba angependa tumwite shujaa wa vita ya mfalme. Mimi ningemweka, kwa jina na tarehe aliyoonekana mwisho, bila neno "shujaa".

Kwa hiyo, wanakamati, mlipeni msomaji wa rejesta kabla ya mchongaji. Acheni nafasi tupu ukutani, maana majina yataendelea kupatikana. Na mwenye kibati cha babu nyumbani akipige picha pande zote mbili, aandike jina kama lilivyotamkwa na wazee, si kama lilivyo kwenye kitambulisho. Jina la chifu wa wakati ule likikumbukwa, liandikwe pia. Mara nyingi hilo ndilo linalotufikisha kwenye ukurasa.