Mazoezi na saratani ya utumbo mpana: "kupunguza hatari" maana yake nini?

Daktari akisema mazoezi ya mara kwa mara hupunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana, hamaanishi kwamba mkimbiaji haugui. Anazungumzia uwezekano. Tafiti nyingi zikijumlishwa, wanaoushughulisha mwili huugua kwa uchache kuliko wasioushughulisha, na tofauti yao ni karibu asilimia 20. Tuchukue mfano wa kubuni: kama katika watu 1,000 wanaoshinda wameketi wangeugua 50, katika 1,000 wenye mazoezi wangeugua 40 hivi. Kumi wameponyoka, na hakuna hata mmoja wao atakayejua kuwa ni yeye.

Faida hii ni ya utumbo mpana wenyewe. Kwenye puru, kipande cha mwisho kabla ya njia ya haja kubwa, ushahidi ni hafifu.

Kwa nini isaidie? Wengi hupenda kusema mazoezi huharakisha choo, kwa hiyo uchafu haukai sana tumboni. Linaingia akilini, ila kwangu hoja ya insulini ina uzito zaidi. Homoni hii hushusha sukari kwenye damu, lakini pia huhimiza seli kukua na kugawanyika. Ikiwa juu kwa miaka mingi, seli zilizoharibika nazo hupata msukumo huo. Misuli inayofanya kazi huchota sukari yenyewe, mwili ukahitaji insulini kidogo. Vilevile mazoezi hupunguza mafuta yanayozingira viungo vya tumboni.

Hapo ndipo "mara kwa mara" inapopata maana. Nafuu ya insulini baada ya zoezi moja hufifia katika siku chache tu, ilhali saratani hii kwa kawaida huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, ambacho huweza kuchukua miaka 10 au zaidi kugeuka saratani. Kujichosha Jumamosi moja kisha kulala mwezi mzima hakufui dafu mbele ya safari ndefu hivyo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Wastani ni pale unapoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kutembea kwa haraka kunatosha, na kulima pia ni mazoezi, hata kama hakuna anayevaa raba kwenda kulima.

Hata waliokwisha kuugua hunufaika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulifuatilia wagonjwa 889 waliomaliza upasuaji na dawa za saratani. Baada ya miaka minane, waliokuwa kwenye mpango wa mazoezi wa miaka mitatu walikuwa hai asilimia 90. Waliopewa maelezo ya afya tu, asilimia 83.

Mazoezi hayachukui nafasi ya uchunguzi. Mkimbiaji wa kila alfajiri akiona damu kwenye choo, aende hospitali sawa na asiyekimbia.